Adhabu na Kipimo Chake

Wakatekumeni wapenzi, katika mafundisho yenu mmekwisha kusikia ya kwamba Amri ya Saba yakataza kuiba, tena ya kwamba mwenye kuiba hana budi kurudisha. Mmekwisha kusikia pia ya kwamba Amri ya Tano yakataza kuua na kumtesa mwenzetu. Siku nyingi amri hizi mbili hukaa pamoja bila ugomvi mioyoni mwetu. Lakini iko siku ambayo watu huzishika kana kwamba zapingana, nayo ni siku mwizi anapokamatwa. Hapo mtu mwema, ambaye jana alisali pamoja nasi, hushika fimbo, na yule mwenye moyo mpole kuliko wengine husema, "Msimpige. Mpelekeni Kasapa, akaoze huko."

Yafaa tulifikiri neno hilo, "akaoze". Limekuwa jepesi midomoni mwetu. Mtu hulisema, kisha hurudi shambani kwake. Kumbe ni neno zito, maana ni hukumu. Na aliyeitoa hukumu hiyo si hakimu, wala hakuna sheria hata moja ya nchi yetu inayoitambua. Basi leo tutazame mambo matatu: adhabu ni nini, kipimo chake ni kipi, na aliyeadhibiwa ni nani kwetu akiisha kurudi.

1. Adhabu yenyewe si ubaya

Tuanze na yule aliyeibiwa, kwa kuwa wanaosema habari za huruma humsahau mara nyingi. Tuseme mtu wa kijiji kilicho kando ya barabara ya Kasenga ana baiskeli. Kwa baiskeli hiyo hubeba magunia ya makala mpaka Lubumbashi. Huisukuma mwendo mrefu, hulala njiani, na kwa fedha apatayo hununua chumvi na sabuni, tena hulipa shule ya watoto. Kijana wa kijiji hichohicho aiiba na kuiuza mjini. Je, ameiba chuma na mipira miwili tu? La. Amechukua chumvi ya nyumba ile na shule ya watoto wale. Tena ameharibu amani ya kijiji kizima, kwa maana tangu siku ile kila mtu huingiza baiskeli yake chumbani alalamo, na jirani humtazama jirani kwa jicho la mashaka.

Jambo kama hilo haliwezi kuachwa hivihivi. Mkuu wa kijiji akisema, "Ni mtoto, mwacheni," amemdhulumu mwenye baiskeli mara ya pili. Ndiyo sababu wenye mamlaka wana haki ya kuadhibu, tena ni wajibu wao. Kanisa lafundisha ya kuwa adhabu ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuinyosha haki iliyopindwa, ili aliyeonewa ajue ya kuwa hakuonewa bure. Ya pili ni kuwalinda watu wengine. Ya tatu ni kumponya mkosaji mwenyewe, ili autambue ubaya wake, auchukie, na arudi kuwa mtu kati ya watu.

Kazi hizo ni kama mafiga matatu: ukiondoa moja, chungu chamwagika. Adhabu isiyoinyosha haki ni mchezo. Adhabu isiyomlinda mtu ni taabu ya bure. Na adhabu isiyojali hata kidogo kumponya mkosaji ni kisasi tu, hata ikitolewa kwa karatasi yenye muhuri.

Ninyi mnaokaa karibu na wachoma makala mwalijua tanuri lao. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha moto huwashwa. Mchomaji hakwenda kulala. Hukesha akiutazama moshi. Pepo zikiingia kwa wingi, asubuhi atakuta majivu. Moto ukififia, atakuta vigogo vibichi visivyouzika. Adhabu ni moto wa namna hiyo. Haitoshi kuuwasha, yapasa awepo mtu wa kuuangalia mpaka mwisho.

2. Hakimu huchukua kitu gani?

Hakimu akimhukumu yule kijana kifungo cha mwaka mmoja, amemnyang'anya kitu kimoja, yaani uhuru wake, kwa muda wa siku 365. Hicho ndicho kipimo. Hakusema kijana alale pasipo nafasi ya kunyosha miguu. Hakusema ashinde na njaa. Hakusema aambukizwe kifua kikuu. Hakusema apigwe na wafungwa wenzake. Tena Katiba ya nchi yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, yaagiza katika kifungu cha 18 ya kuwa kila mtu aliyefungwa atunzwe kwa namna ya kulinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake.

Sasa tutazame mambo yalivyo. Gereza kuu la Lubumbashi liko upande wa Kasapa, na jina hilo ndilo jina la barabara iendayo pia Chuo Kikuu. Lilijengwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji kwa ajili ya watu wapatao 800. Katika miaka yetu wamehesabiwa humo mara nyingi watu zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo. Msiipite hesabu hiyo haraka. Fikirini nyumba zenu wenyewe. Nyumba yenye mikeka minne, ukilaza watu kumi usiku mmoja wa msiba, wavumilia, maana kesho watakwenda. Lakini wakikaa miaka? Choo ni kilekile, maji ni yaleyale, na hewa ni ileile.

Ndivyo ilivyo katika magereza mengi ya Kongo. Mfungwa hupewa chakula kidogo, mara nyingi mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja. Na asiye na ndugu wa kumletea bukari hudhoofika. Walinzi ni wachache, basi utawala wa ndani huangukia mikononi mwa wafungwa wenye nguvu, ambao watu huwaita makapita. Mgeni aingiaye hudaiwa fedha ili apate mahali pa kulala, na asiye na kitu hulala mahali pabaya kuliko pote. Angalieni vema jambo hili. Ndani ya nyumba iliyojengwa ili mwizi ajifunze kutoiba, somo la kwanza alipatalo ni kwamba mwenye nguvu humnyang'anya asiye na nguvu.

Tarehe 25 Septemba 2020 ghasia na moto vilizuka Kasapa. Kwa muda wa siku tatu wafungwa walilishika gereza, na wanawake wengi waliofungwa humo walinajisiwa. Je, yuko hakimu aliyewahukumu wanawake hao jambo hilo? Hayuko. Na usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, katika gereza la Makala mjini Kinshasa, wafungwa walijaribu kutoroka. Gereza hilo lilijengwa kwa watu 1,500, na mwaka ule lilikuwa na zaidi ya 12,000. Serikali ilitangaza ya kuwa watu 129 walikufa. Kati yao 24 walikufa kwa risasi. Wengine wengi walikufa kwa kusukumana, kukanyagana na kukosa pumzi. Kwetu Katanga neno "makala" ni makaa. Huko Kinshasa moto uliwashwa, na aliyepaswa kuutazama moshi hakuwapo.

Kwa hiyo tusidhani ya kuwa msongamano wa wafungwa ni shida ya nafasi tu. Ni adhabu ya pili juu ya ile ya kwanza. Haikutamkwa na hakimu yeyote, haina hesabu ya siku, nayo humwangukia sawasawa mwenye kosa kubwa, mwenye kosa dogo na asiye na kosa lolote. Adhabu isiyo na kipimo si haki, hata kama anayeipata aliiba kweli.

3. Waliomo ni akina nani?

Watu wengi hufikiri ya kuwa kila aliye gerezani amekwisha kuhukumiwa. Sivyo. Katika magereza ya nchi yetu zaidi ya nusu ya watu ni mahabusu, maana yake wamefungwa wakingoja kuhukumiwa. Wengine hungoja muda mrefu kuliko kifungo ambacho wangepewa kama wangehukumiwa mara moja. Kumbe Katiba, katika kifungu cha 17, yasema ya kuwa uhuru ndio kanuni, na kufungwa ni jambo la pekee. Tena kila mshtakiwa ahesabiwe kuwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itolewe. Polisi hawana ruhusa ya kumshika mtu zaidi ya saa 48 bila kumfikisha mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Na kwa yule aliyekwisha kuhukumiwa, sheria ya adhabu yaruhusu afunguliwe kwa masharti akiisha kutimiza robo ya kifungo chake, mradi amekaa zaidi ya miezi mitatu na mwenendo wake uwe mwema.

Njia za kutoka zipo, basi. Mbona watu hawazipiti? Kwa sababu mahakimu ni wachache na vijiji viko mbali. Mtu aliyekamatwa Pweto au Mitwaba, akiisha kupelekwa Lubumbashi, mama yake hawezi kumfuata. Nauli ya safari moja yaweza kula mavuno ya mwaka. Wakili huomba fedha. Karatasi za kesi hulala katika ofisi ya parke, na mara nyingi haziamki mpaka mtu aje kuziuliza. Mwenye ndugu wa kuuliza hutoka. Asiye na ndugu husahauliwa. Ndivyo maskini afungwavyo kwa sababu ya umaskini wake kuliko kwa sababu ya kosa lake.

Lakini tusiielekezee serikali peke yake kidole. Ni nani hulijaza gereza? Mara nyingi ni sisi. Ugomvi wa mpaka wa shamba, deni la mbuzi, matusi ya kisimani: zamani wazee wangeyamaliza kivulini, na leo mtu hukimbilia polisi, si kwa kutaka haki, bali kwa kutaka jirani yake aonje buloko. Wengine hata huongeza uongo ili mashtaka yawe mazito, nao wamesahau ya kuwa Amri ya Nane ipo. Ghala ya mahindi ikijazwa kupita kiasi, makavu pamoja na mabichi, haiozi yale mabichi tu, huoza yote.

Wengine hujibu, "Dawa ni kujenga magereza mengine." Ni kweli ya kuwa magereza mengine ni ya zamani mno, na nchi yahitaji mapya yaliyo bora. Lakini kuta hujengwa polepole kuliko watu wakamatwavyo. Tena fedha za kujengea zina majaribu yake: mwaka 2025 Mahakama ya Kasasioni ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi za lazima kwa ajili ya fedha zilizokusudiwa kujenga gereza huko Kisangani, ingawa yeye mwenyewe alikana kosa. Na kama desturi ya kumfunga kila mtu kwa kila jambo haikubadilika, gereza jipya nalo litajaa.

4. Wazee wetu na jirani zetu

Kabla ya kuja kwa Wazungu hapakuwa na gereza la kuta katika vijiji vyetu. Mtu akikosa, jambo lililetwa mbele ya mfalme au wazee, likazungumzwa mchana kutwa, na mwishoni mkosaji pamoja na jamaa yake walilipa: mbuzi, majembe, nguo, au siku za kazi. Katika njia hiyo kuna hekima moja kubwa. Aliyeibiwa alipata kitu. Leo kijana akifungwa mwaka mzima, mwenye baiskeli hurudi nyumbani mikono mitupu. Amelipwa mateso ya mwenzake, lakini mateso hayabebi gunia la makala.

Hata hivyo tusisifu yote ya kale. Walikuwako wakuu waliowakata watu masikio na mikono, na familia zilizomtoa mtoto awe mtumwa ili kulipa kosa la mjomba. Wala tusiyasifu yote yaliyofuata. Utawala wa Wabelgiji ulileta gereza, ukaleta na mjeledi wa ngozi ya kiboko, ambao wazee wetu waliuona mpaka miaka ya mwisho ya ukoloni. Mjeledi huo ulizaa woga mwingi, lakini woga peke yake haujamfundisha mtu kuipenda haki.

Jirani zetu nao wamejaribu njia. Kenya kwa sheria ya mwaka 1998, Uganda kwa sheria ya mwaka 2000, na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2002, zimeruhusu hakimu ampe mwenye kosa dogo kazi za jamii badala ya kifungo. Huko Kenya na Tanzania njia hiyo ni kwa makosa ambayo kifungo chake hakipiti miaka mitatu. Mtu hulala kwake, hulima shamba lake, na kwa saa zilizopangwa hufanya kazi ya watu wote pasipo mshahara: husafisha hospitali, hutengeneza barabara, hupanda miti. Watu humwona akilipa. Naye huona ya kuwa bado ni mtu wa hapo.

Rwanda ilikuwa na mzigo mzito kuliko wote. Baada ya mauaji ya mwaka 1994 magereza yake yalijaa watu zaidi ya 100,000, na mahakimu wengi walikuwa wameuawa. Ndipo nchi ikaanzisha mabaraza ya gacaca, ambamo watu wa kilima walikaa majanini na kuhukumu. Mabaraza hayo yalifungwa tarehe 18 Juni 2012 baada ya kusikiliza kesi karibu 2,000,000. Aliyekiri na kusema kweli aliweza kupunguziwa kifungo, na sehemu moja akaifanya kwa kazi za kujenga nchi. Hatusemi ya kuwa njia hiyo ilikuwa safi. Washtakiwa hawakuwa na mawakili, wengine walisingiziwa, wengine walikiri kwa hesabu si kwa majuto, na maovu ya jeshi lililoshinda hayakuletwa mbele ya mabaraza hayo. Lakini yatufundisha jambo moja: hata mahali palipomwagika damu nyingi namna ile, watu waliona ya kwamba kuwafungia wote na kuwasahau si jibu.

5. Na mwenye kuua, na mwenye kunajisi?

Hapa mwenye akili atauliza: "Je, muuaji naye apewe ufagio akafagie hospitali?" Ni swali la haki. Jibu ni hapana. Wako watu ambao uhuru wao ni hatari kwa wengine, nao wapaswa kuzuiwa kwa muda mrefu, na wengine pengine mpaka mwisho wa maisha yao. Tena yako makosa ambayo haifai kabisa kuyamaliza kwa mbuzi chini ya mti. Msichana akinajisiwa, na wazee wakapokea faini au wakamwoza kwa yule aliyemharibu, hawakupatanisha mtu; wameuza heshima ya mtoto wao. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 hazikubali kosa hilo limalizwe kwa faini. Jambo hilo lapaswa kwenda mahakamani, na anayelificha kwa jina la amani ya kijiji ameshiriki katika ubaya.

Lakini angalieni: kwa ajili ya watu hao hasa yatupasa kuuchukia msongamano. Gereza lililojaa wezi wa kuku haliwezi kuwalinda watu na wale walio hatari kweli. Mwezi wa Septemba 2011 watu wenye silaha waliishambulia Kasapa, na wafungwa karibu 1,000 wakatoroka. Mmoja wao alikuwa Gédéon Kyungu Mutanga, ambaye mwaka 2009 alihukumiwa kifo kwa maovu ya vita yaliyotendwa katika sehemu za Mitwaba. Watu wa huko hawahitaji kuelezwa habari zake. Gereza lisilotenga kosa na kosa humwangamiza mdogo, wala halimzuii mkubwa.

Na huyo mkubwa mwenyewe, ijapokuwa amefungwa milele, bado ni mtu. Haki yamnyima uhuru. Haimnyimi maji, dawa wala jina lake. Tukisema ya kuwa uovu wa mtu waweza kumfanya asiwe mtu tena, tumefungua mlango ambao siku moja sisi nasi tutasukumwa kuupita.

6. Msamaha haufuti haki

Wakatekumeni wengine huuliza: "Tumefundishwa kusamehe. Basi, Mkristu aweza kumshtaki mwizi?" Aweza. Tarehe 13 Mei 1981, huko Roma, mtu mmoja jina lake Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, yeye yule aliyetufikia Lubumbashi mwaka 1985. Akiwa bado mgonjwa, Baba Mtakatifu alitangaza ya kuwa amemsamehe. Tarehe 27 Desemba 1983 alikwenda mwenyewe katika gereza la Rebibbia, akaketi karibu naye, wakazungumza kwa sauti ya chini. Hata hivyo hakumchukua mkono akatoka naye siku ile. Ağca aliendelea kufungwa Italia mpaka mwaka 2000, ndipo rais wa nchi hiyo alipomwachilia.

Hapo twaona mambo mawili yakikaa pamoja. Msamaha ni kazi ya moyo wa aliyeonewa: kuiondoa chuki, na kumtakia mwenzake mema. Hukumu ni kazi ya nchi: kuweka kipimo na kuwalinda watu. Msamaha hauvunji kufuli. Lakini huondoa lile neno "akaoze".

Ninyi mnaojitayarisha mtajifunza pia Sakramenti ya Kitubio. Mkosefu hujuta, huungama, huondolewa dhambi, tena hupewa malipizi. Malipizi yana hesabu. Padri hasemi, "Sali mpaka nitakapochoka kukukasirikia." Hutaja kiasi, na mtu akiisha kutimiza, amemaliza. Je, mngemwonaje padri ambaye, baada ya mtu kutimiza malipizi, humngojea mlangoni pa kanisa na fimbo, na kuwaita watoto wamzomee? Mngesema amepotewa na akili. Lakini hivyo ndivyo vijiji vingi humtendea mtu anayetoka kifungoni.

7. Siku atakaporudi

Wengi waliofungwa watarudi. Hili tulishike sana. Kifungo cha mwaka kina siku ya mwisho, na siku hiyo kijana atashuka katika lori akiwa na furushi dogo. Kama alitoka Kasapa na kikohozi, kikohozi hicho kitalala katika nyumba zetu. Kama alijifunza wizi wa silaha kutoka kwa mabingwa, ufundi huo umerudi kijijini. Hivyo hata asiyejali roho ya mkosaji, kwa faida yake mwenyewe, yafaa atake gereza lenye nafasi, lenye dawa, na lenye kufundisha kazi ya mikono.

Watu husema, "Dawa ya moto ni moto." Ni kweli, nanyi mnaochoma mabua wakati wa kiangazi mwajua maana yake. Moto wa kukinga huwashwa na mtu aliyefyeka kwanza, akautazama upepo, akaweka watu na matawi mabichi pande zote. Anayetupa kijinga cha moto ovyo hajakinga kijiji; amekiunguza.

Basi tufanye nini sisi watu wa vijijini, tusio na gereza wala mahakama? Yapo mambo tuwezayo. Mwizi akikamatwa, asipigwe. Apelekwe kwa wenye mamlaka. Jambo dogo lililo kati ya jirani na jirani lijaribiwe kwanza mbele ya wazee, na mkosaji arudishe alichochukua, hata kwa kulipa kidogo kidogo. Aliyeibiwa asiachwe peke yake. Jirani wamwazime baiskeli siku za soko mpaka apate yake. Na mtu wa kijiji akiisha kufungwa, wakristu pamoja na wakatekumeni wachange nauli, mmoja aende: amchukulie bukari na sabuni, tena aende parke kuuliza kwa heshima kesi yake imefika wapi. Swali moja la namna hiyo laweza kuziamsha karatasi zilizolala mwaka mzima.

Bwana wetu Yezu Kristu alipotaja yale tutakayoulizwa siku ya mwisho, alitaja njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo. Alijihesabu mwenyewe kuwa ndiye mfungwa aliyetembelewa au aliyeachwa. Hakuweka sharti ya kuwa mfungwa huyo awe hana kosa.

Na akirudi, apewe kipande cha shamba na jembe. Kumpokea si kumkabidhi sanduku la sadaka siku ya kwanza. Imani hurudi polepole, kama mguu uliovunjika. Lakini asiitwe tena kwa jina la kosa lake. Na kama baiskeli haijalipwa bado, achome makala, na katika kila magunia matatu apeleke moja kwa mwenye baiskeli, mpaka deni liishe mbele ya macho ya wote. Hapo yale mafiga matatu yatakuwa yamekaa sawasawa.

Maswali ya kuzungumzwa pamoja na katekista

1. Katika kijiji chetu, yuko mtu aliyefungwa ambaye hakuna anayejua kesi yake imefika wapi? Jamaa zake ni akina nani?

2. Ni magomvi gani ya mwaka huu tuliyoyapeleka polisi, ambayo yangeweza kumalizwa na wazee kwa haki? Na ni yapi tuliyoyaficha, ambayo yalipaswa kwenda mahakamani?

3. Aliyeibiwa kwetu mara ya mwisho alisaidiwa na nani?

4. Yuko mtu aliyetoka kifungoni ambaye bado twamwita kwa kosa lake? Jina lake la kweli ni nani?